Kabureta ya CG125 inayovuja na kukataa sailensi: kuifungua na kuitengeneza

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu hapa Iringa. Nimeachiwa pikipiki na marehemu baba, Honda CG125 ya zamani, ambayo ilikuwa Tanga na ilikaa bandani karibu miaka miwili bila kuwashwa. Sasa inawaka kwa choki tu, na nikirudisha choki inazimika. Nikiilaza usiku, asubuhi nakuta petroli imedondoka chini ya injini, na plagi kila nikiitoa ni nyeusi kwa masizi. Fundi wa jirani amenishauri nitupe kabureta ninunue mpya. Je, ni kweli imekufa, au naweza kuifungua na kuitengeneza mwenyewe?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Nakuomba usiitupe kabureta hiyo kabla hujaiona ndani. Nyingi nilizoletewa zikidaiwa kuwa zimekufa zilikuwa chafu tu, au zilikuwa na mpira mmoja uliochoka, na zile zilizokuwa zimekufa kweli mara nyingi ziliharibiwa na mkono wa mtu wala si na umri. CG125 ilitolewa na Honda mwaka 1976 ikilengwa kwa nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo, hupita kwenye vumbi na hukosa matunzo ya mara kwa mara. Ndiyo sababu vali zake husukumwa kwa fito badala ya kuendeshwa na mnyororo, na ndiyo sababu kabureta yake ni ya muundo sahili ambao mtu makini anaweza kuumudu kwa bisibisi na spana chache. Kabureta za bei ya chini zinazouzwa madukani hufanana nayo kwa sura, kwa kuwa injini ya CG ilinakiliwa sana kwenye pikipiki za Kichina, lakini nimefunga kadhaa ambazo namba iliyochongwa kwenye jeti, yaani kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupimia petroli, hailingani na tundu lenyewe. Ya asili, ikisafishwa vizuri, naiamini zaidi.

Tuanze na dalili zako, kwa sababu kwa mtazamo wa kwanza zinapingana. Pikipiki inayokubali kuwaka kwa choki tu inakosa petroli katika mwendo ule wa taratibu bila kuvuta mafuta, ambao mafundi tunauita sailensi. Choki huziba hewa, mvuto ndani ya kabureta unaongezeka, na petroli kidogo inayopita inatosha. Plagi nyeusi yenye masizi makavu, kwa upande mwingine, inasema petroli imezidi. Dalili zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, kwa kuwa kabureta hailishi injini kwa njia moja. Kuanzia mkono wa mafuta ukiwa umefungwa hadi kama sehemu moja ya nane, mlishaji ni jeti ndogo ya sailensi. Hapo mpaka robo, mkato ulio chini ya slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta mkono wa mafuta, ndio unaotawala. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi, na kuanzia hapo hadi mwisho ni jeti kubwa. Kwako jeti ndogo imeziba, na hapo ndipo penye njaa. Sindano ya boya, ile fupi inayoziba mlango wa petroli boya likipanda, haifungi, ndiyo maana petroli inafurika na kuzidi kwingineko. Na kwa kuwa unalazimika kutembea na choki ikiwa imefungwa nusu, masizi ya plagi hayawezi kukosekana. Urefu wa Iringa nao unachangia, lakini hilo tuliache hadi mwisho, maana anayeanza kubadilisha jeti kabla ya kuondoa uchafu hupotea njia.

Kabla ya kugusa spana, chomoa kijiti cha kupimia oili na ukinuse. Petroli iliyofurika usiku haidondoki yote chini. Nyingine huweza kuingia kwenye silinda na kushuka hadi kwenye oili. Ikiwa oili inanuka petroli, ni nyepesi kama maji, na kiwango chake kimepanda kupita alama, usiwashe tena injini hata mara moja, bali imwage yote, ambayo ni takriban lita moja, na uweke mpya baada ya kazi ya kabureta kwisha. Nimeona krenki ikiharibika kwa sababu mwenye pikipiki aliona petroli chini, akaifuta kwa tambara, akapiga kiki na kuondoka. Pima pia nafasi ya vali injini ikiwa baridi, ambayo kwa CG125 ni milimita 0.08, kwa kuwa vali iliyobana sana huizima injini kwenye sailensi na kukufanya uilaumu kabureta isiyo na kosa.

Fanya kazi nje, penye upepo, mbali na jiko la mkaa na mbali na mtu anayevuta sigara. Funga koki ya petroli, weka kopo chini ya bakuli la kabureta, kile chombo cha chini kinachokaa petroli, na ufungue skrubu ya kumwagia. Kiangalie kinachotoka kabla ya kukimwaga: matone ya maji hukaa chini ya petroli kama shanga, na unga mwekundu ni kutu ya tangi. Ukiona unga huo, ujue kuwa kusafisha kabureta bila kusafisha tangi na chujio la koki ni kujipa kazi itakayodumu wiki moja tu. Chomoa mpira wa petroli, kisha fungua kwa mkono mfuniko wa juu wa kabureta na uvute slaidi polepole, ikija na springi na sindano yake. Iviringishe kwenye kitambaa safi na uifunge pembeni ya fremu, isije ikajikwaruza. Legeza klipu ya mpira unaotoka kwenye chujio la hewa, halafu fungua nati mbili za flenji, pale kabureta inapofungwa kwenye injini, kwa spana ya 10, ukilegeza kila upande kidogo kidogo. Kabureta itatoka kuelekea nyuma. Kati yake na injini kuna kizuizi cha joto na oringi. Viangalie vilikaaje, au uvipige picha kwa simu, na uzibe mdomo wa injini kwa kitambaa kisicho na nyuzi.

Jambo la skrubu za bakuli linastahili kutajwa kwa sababu ndipo watu wengi hukwama mwanzoni kabisa. Skrubu za Kijapani hufuata kiwango kinachoitwa JIS, na msalaba wake haufanani kabisa na wa bisibisi ya nyota ya kawaida, ambayo hupanda na kuteleza hadi inakula kichwa cha skrubu. Tafuta bisibisi ya JIS, na usipoipata tumia ya nyota iliyokaa vizuri bila kucheza, ukiikandamiza kwa nguvu kuliko unavyoizungusha. Iliyogoma iwekee mafuta ya kupenya na uisubiri hadi kesho yake. Kumaliza leo si lazima.

Bakuli likitoka utaona boya, na katikati yake kiguzo cha shaba chenye jeti kubwa, na pembeni, ndani ya kishimo, jeti ndogo ya sailensi. Ikiwa petroli ilikauka humo kwa miaka miwili, utakuta utando wa kahawia unaonata kama utomvu, wenye harufu ya rangi ya kuta iliyochacha. Huo ndio uliokuzimia pikipiki. Tumia bisibisi bapa inayojaa kabisa kwenye mfuo wa jeti, kwa kuwa shaba ni laini na mfuo ukivunjika utakuwa umejitafutia kazi ya kutoboa.

Ishike jeti ndogo kwa vidole viwili, uielekeze mbinguni na uitazame kwa jicho moja. Katika jeti nyingi za Keihin, kampuni ya kabureta ya Kijapani, namba iliyochongwa hutaja upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo jeti ya 38 ina tundu la milimita 0.38, jembamba kuliko sindano ya kushonea. Likiwa safi utaona duara la mwanga lenye ukingo mkali. Likiwa chafu utaona giza, au, jambo linalodanganya zaidi, duara dogo lenye kingo za manyoya ambalo fundi mwenye haraka husema ni zima. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta kwa saa kadhaa, kisha ipulize. Ikikataa, chukua unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme, ambao huwa na unene wa karibu milimita 0.2, na uupitishe taratibu bila kuuzungusha. Usitumie waya wa chuma, wala pini, wala ncha ya kutobolea. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi nilisafisha jeti ya mteja kwa waya wa breki ya baiskeli. Ilifunguka, pikipiki ikawaka vizuri, na mwenyewe akarudi baada ya siku chache akilalamika kuwa petroli haifiki mbali kama zamani. Nilikuwa nimelipanua tundu kwa kiasi ambacho macho hayawezi kukiona. Mkwaruzo wa sehemu mbili au tatu za mia za milimita kwenye tundu dogo namna hiyo ni mwingi sana.

Jeti si mwisho wa njia hiyo. Petroli ya sailensi hupita kwenye mifereji iliyotobolewa ndani ya mwili wa kabureta na kutokea kwenye matundu madogo yaliyo karibu na ukingo wa slaidi, upande wa injini. Toa skrubu ya kurekebishia mchanganyiko pamoja na springi yake na kioringi kidogo, lakini kabla ya kuitoa izungushe ndani polepole hadi iguse, ukihesabu mizunguko, na uandike. Vaa miwani, kwa kuwa dawa ikiingizwa upande mmoja hutoka upande usioutarajia na huumiza macho vibaya. Puliza kwa kompresa baada ya kuondoa boya na vitu vyote vya mpira, na usiridhike hadi uone dawa ikitoka wazi kwenye kila tundu. Mimi huona kuwa kazi yote ya sailensi hufaulu au hushindwa katika dakika hizi tano.

Sasa tuje kwenye petroli inayodondoka. Boya linapanda petroli inapoingia, na ulimi wake unaisukuma sindano fupi izibe mlango. Lolote linalozuia mziba huo huleta mafuriko. Litikise boya karibu na sikio: ukisikia kimiminika ndani, limetoboka. Ukiwa na shaka lizamishe kwenye maji ya moto na uangalie kama litatoa mapovu. Kisha chukua sindano yenyewe na uitazame ncha yake ya mpira kwenye mwanga wa jua. Ncha nzima ni laini na haina alama, na iliyochoka ina mfereji mwembamba kama pete ulioukata mpira pale inapokutana na mlango wake. Pete hiyo haiondoki kwa msasa wala kwa kugeuzwa; badilisha sindano. Mlango wake wa shaba usafishe kwa kijiti cha pamba chenye dawa ya kung'arishia chuma, ukizungusha kwa vidole hadi ung'ae, halafu uoshe mabaki yote.

Ili kuhakikisha, rudisha boya na sindano, geuza kabureta juu chini ili boya likae kwa uzito wake, na upulize polepole kupitia kipande cha mpira safi kwenye mlango wa petroli. Hewa isipite. Ukiigeuza ikae kama inavyokaa kwenye pikipiki, ipite. Urefu wa boya nao una kipimo chake katika kitabu cha pikipiki, nao hupimwa ulimi ukiwa unagusa kichwa cha sindano bila kukikandamiza kipini chake chenye springi. Mimi napenda pia kuthibitisha kwa macho: baada ya kufunga kila kitu, chomeka mpira wa plastiki unaopitisha mwanga kwenye tundu la kumwagia la bakuli, usimamishe ubavuni mwa kabureta, fungua koki na skrubu ya kumwagia, na utazame petroli inapanda hadi wapi. Inapaswa kutulia chini kidogo ya mstari ambapo bakuli linakutana na mwili, na ikae hapo hapo hata baada ya robo saa. Ikiendelea kupanda, sindano bado haifungi, na hutaponywa na skrubu yoyote.

Flenji ni sehemu ambayo huwa hainishughulishi kwa muda mrefu, ila siipuuzi. Watu wakiona injini inavuta hewa pembeni huzikaza nati mbili kwa nguvu zote, na masikio ya flenji hupinda, kisha katikati panaachia zaidi. Iweke kwenye kioo: ikicheza, tandaza msasa wa 400 juu ya kioo hicho na uisugue kwa mzunguko hadi ilale sawasawa. Weka oringi mpya na ukaze kwa zamu, bila nguvu za kifua. Baadaye injini ikiwa kwenye sailensi, nyunyiza maji kidogo kwenye kiungo hicho. Mlio ukibadilika, hewa bado inapita.

Kuna hali ambayo mimi mwenyewe nitakuambia ununue nyingine. Ikiwa slaidi inacheza ndani ya mwili wa kabureta kiasi cha kugonga ukiitikisa, na kuna kingo zilizolika kwenye mbavu zake, hakuna rekebisho litakalokupa sailensi inayotulia, kwa kuwa hewa inajipitia. Sindano ndefu na kiguzo inamopita vikiwa vimelika hadi tundu limekuwa la yai, pikipiki itakula petroli katika mwendo wa kati. Hapo badilisha viwili hivyo pamoja, si kimoja. Pikipiki iliyokaa bandani miaka miwili mara chache huwa na tatizo hili. Hupatikana zaidi kwa zilizofanya bodaboda miaka mingi bila chujio la hewa.

Wakati wa kurudisha, angalia jambo moja kwa makini kuliko mengine yote. Mkato wa chini ya slaidi lazima utazame upande wa chujio la hewa, na mfereji wa ubavuni mwake uingie kwenye pini iliyo ndani ya mwili. Slaidi iliyogeuzwa haishuki hadi chini, na injini ikiwaka itapaa kwa mlio mkali usioweza kuushusha. Kabla ya kupiga kiki, vuta mkono wa mafuta na uuachie: usikie slaidi ikigonga chini, na uzungushe usukani kushoto na kulia kuona kama kebo haivutwi.

Iwashe, iache ipate moto kwa dakika kama kumi, ikiwezekana kwa kuitembeza, na urudishe choki kabisa. Skrubu ya mchanganyiko ianzie kwenye idadi uliyoandika, au mzunguko mmoja na nusu kutoka ndani ikiwa hukuandika. Izungushe robo kwa robo, ukisubiri sekunde chache kila mara, hadi upate pale injini inapokwenda kwa kasi na utulivu zaidi, kisha shusha sailensi kwa skrubu ya slaidi hadi takriban mizunguko 1,400 kwa dakika. Kumbuka kuwa skrubu iliyo upande wa chujio la hewa hupima hewa, kwa hiyo ukiikaza petroli inazidi, na iliyo upande wa injini hupima petroli, ukiikaza inapungua. Ukiizungusha mizunguko mitatu na injini isijali, rudi kwenye jeti ndogo, kwa sababu bado haijafunguka.

Baada ya yote hayo, tembea siku chache bila choki, ukiwa na plagi mpya, kisha itoe uione. Hapa ndipo urefu wa mji unapoingia. Kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari ya Tanga imepanda hadi Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14, lakini jeti zake bado ni zile zile. Plagi ikiwa na rangi ya kahawia, usiguse kitu. Ikiwa bado ni nyeusi na pikipiki ni nzito katika mwendo wa kati, toa slaidi na uangalie klipu ya sindano ndefu: mara nyingi huwa kwenye mfereji wa tatu kati ya mitano. Ipandishe mfereji mmoja kuelekea kichwani, ili sindano ishuke na petroli ipungue. Ikiwa tatizo liko mkono wa mafuta ukiwa wazi kabisa, punguza jeti kubwa kwa namba moja au mbili, ukinunua ya kampuni ile ile iliyotengeneza kabureta, kwa kuwa jeti za Mikuni, kampuni nyingine ya kabureta, za kichwa cha pembe sita huhesabiwa kwa kiasi cha petroli kinachopita, na namba yake hailingani na ya Keihin. Ile ya zamani iwekee kwenye kifuko ndani ya sanduku la spana. Siku utakapoishusha pikipiki hiyo kwenda Tanga likizo, irudishe jeti hiyo na klipu mahali pake kabla ya kuanza kukimbia tambarare za pwani kwa mwendo mkubwa, kwa sababu huko petroli iliyopungua sana huichemsha injini, na pistoni ya 125 inayopozwa kwa upepo haivumilii joto hilo kwa muda mrefu.